Jina Halijulikani

Makambako hakuna bahari. Kuna upepo, kuna baridi ya Juni inayong'ata masikio, kuna stesheni ya TAZARA, na kuna njia panda ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu iendayo Mbeya. Lakini ndugu msomaji, ukisimama pale njia panda robo saa tu utaona bahari inapita juu ya magurudumu. Mitumba, vipuri, mbolea, mabati, vyote vimeshuka melini Dar es Salaam kabla ya kupandishwa milima kuja kwetu.

Baba yangu mdogo anaishi kwa vitu hivyo. Mwaka mmoja alichanga na wenzake wawili wakaagiza kontena la vipuri vya magari. Wakangoja. Wiki zikapita, wakala akawa hapokei simu, na siku aliyopokea alisema sentensi moja: "Mzee, meli imekamatwa."

"Imekamatwa na polisi?"

"Na mahakama."

Baba mdogo alidhani anataniwa. Meli inakamatwaje? Imeiba nini? Kumbe mwenye meli alikuwa anadaiwa na watu wengine kabisa, huko njiani kwenye bandari ya mbali, na wadai wakaenda kortini wakapata amri meli isiondoke. Kontena la watu wa Makambako likawa mahabusu pamoja nayo. Baadaye zililetwa nakala za karatasi, naye akanipa mimi nizisome, maana nyumbani kwetu ukimaliza kidato cha sita tu unaitwa msomi. Juu kabisa, pale ambapo kwenye mahakama yetu ya mwanzo huandikwa jina la mtu dhidi ya mtu, paliandikwa jina la kampuni dhidi ya jina la meli.

Baba mdogo alisoma karatasi ile mara mbili akifuatisha kwa kidole, kisha akaniuliza, "Sasa mimi niko wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo muda mrefu, na limenifikisha mahali sikutegemea: Unguja ya miaka ya 1860, mbele ya fomu nyingine za mahakama ya bahari, ambazo zilihusu watu waliotoka huku huku kwetu bara.

*

Tuanze na hizo fomu zenyewe, maana kijiweni ukisema "meli imeshtakiwa" watu wanacheka.

Sheria ya bahari tuliyonayo Afrika Mashariki ilikuja na Waingereza. Wao waliona tatizo moja la siku nyingi: mwenye chombo yuko mbali, pengine hata hajulikani, nahodha leo yuko hapa na kesho kaondoka, na deni linabaki gatini. Wakaona dawa ni kukishtaki chombo chenyewe. Mdai anajaza hati ya madai dhidi ya chombo. Anaapa kiapo kueleza deni limetokana na nini: mshahara wa mabaharia, mgongano, mzigo ulioharibika, gharama za kuokoa chombo kilichotaka kuzama. Kisha anaomba hati ya kukamata. Hati hiyo, kwa desturi ya zamani, hubandikwa kwenye mlingoti, kila mtu aione. Mwenye chombo akitaka kukitoa, anaweka dhamana, na mahakama inatoa hati ya kuachia. Iko pia karatasi ya kuzuia, ambayo mtu anaiweka mahakamani mapema ili chombo kisikamatwe au kisiachiwe bila yeye kuarifiwa.

Kila karatasi ina ada yake. Ada ya kufungua shauri, ada ya kukamata, na juu yake gharama za kuilinda meli inapokaa: walinzi, tozo za bandari, chakula cha mabaharia waliobaki ndani. Meli ikiuzwa kwa amri ya mahakama, pesa za kwanza kutoka ni za gharama za mahakama na za ukamataji. Ndipo wanafuata mabaharia wenye mishahara yao na waliookoa chombo, halafu benki yenye rehani. Wengine wanapanga foleni nyuma, na pesa ikiisha wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Na mlango ukikosewa, fomu nzuri kiasi gani haisaidii. Wanasheria wa Kenya wanaikumbuka sana kesi ya meli Lillian S ya mwaka 1989. Kampuni ya mafuta ya Caltex iliikamatisha meli hiyo kwa madai ya mafuta. Mahakama ya Rufani ikasema jambo la kwanza kabisa ni kuuliza kama mahakama ina mamlaka juu ya dai la namna hiyo. Kama haina, haiwezi kupiga hata hatua moja mbele. Meli ikashinda. Mpaka leo kesi hiyo inatajwa kwenye mashauri ambayo hayana hata harufu ya maji ya chumvi.

Basi hapo ndipo tulipo: chombo kinaweza kuwa mshtakiwa, na wanaotambuliwa ni wale walioandikwa. Sasa turudi nyuma.

*

Mwaka 1845 Sayyid Said wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Mwingereza Hamerton. Kuanzia mwaka 1847 ilikuwa marufuku kupeleka watumwa kutoka milki yake ya Afrika kwenda Uarabuni. Lakini kati ya Kilwa upande wa kusini na Lamu upande wa kaskazini biashara iliendelea kuwa halali. Unaona mtego uliopo hapo? Jahazi lililobeba watu mia kutoka Kilwa kwenda Unguja halikuwa na kosa. Jahazi hilo hilo, na watu hao hao, likipita Lamu, ni haramu. Ndani ya jahazi mtu hakubadilika kitu. Njaa ilikuwa ile ile na kamba ile ile.

Manowari za Kiingereza zilipewa kazi ya kuwinda majahazi haramu. Wakikamata, ilibidi mahakama ihukumu. Mwanzoni kesi zilipelekwa mbali, kwenye mahakama za bahari za Bombay, Aden, Mauritius au Rasi ya Tumaini Jema. Baadaye konseli wa Uingereza hapo Unguja naye akapewa mamlaka, na mwaka 1869 bunge la London likapitisha sheria maalumu ya kuyapanga mamlaka hayo. Kwa hiyo yule yule aliyekuwa balozi, mshauri wa Sultani na mpeleka habari wa serikali yake akawa pia hakimu wa bahari. John Kirk, ambaye kabla ya hapo alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone wa Zambezi, ndiye tunayemkumbuka zaidi kwenye kiti hicho.

Sasa tazama fomu ya hukumu. Ilifuata mtindo ule ule wa kushtaki chombo. Juu iliandikwa kwamba Malkia anadai dhidi ya jahazi fulani, pamoja na matanga yake, kamba zake na vyombo vyake vyote. Mara nyingi manowari haikujua jina la jahazi, au haikujali kuuliza. Basi kwenye nafasi ya jina waliandika: jina halijulikani.

Haikuishia hapo. Baada ya jahazi na kamba zake, fomu iliendelea: na pia dhidi ya watumwa kadhaa, wanaume idadi hii, wanawake idadi hii. Dhidi ya! Ndiyo, umesoma sawasawa. Kwa lugha ya mahakama ya bahari, watu waliokuja kuokolewa walikuwa upande wa washtakiwa pamoja na jahazi lililowabeba. Ili wawe huru, ilibidi kwanza mahakama iwatangaze kuwa wametaifishwa, wamekuwa mali ya Malkia kama jahazi lilivyokuwa. Malkia akishamilikishwa, ndipo wanaachiwa. Mtu alipitia umilikini mara ya pili, kwenye karatasi, ndipo akatokea upande wa pili akiwa huru.

Mimi siwacheki watu wale. Mashauri mengi yalimaliza mateso ya kweli ya watu wa kweli, na mtoto aliyeshushwa kutoka kwenye jahazi hakuwa na sababu ya kugombana na sarufi ya fomu. Nasema tu kwamba fomu ilitengenezwa kwa ajili ya mizigo, na mtu alipofika mbele yake hapakuwa na kisanduku cha kumweka isipokuwa cha mzigo.

*

Halafu kuna pesa. Mahakama nyingi mtu hulipa ada aingie. Kwenye mahakama hii mkamataji ndiye aliyelipwa. Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 5 kwa kila mtumwa aliyekombolewa. Jahazi lililokutwa halina watumwa ndani lakini likahukumiwa kuwa la biashara hiyo lililipiwa pauni 4 kwa kila tani ya ukubwa wake. Fedha ziligawanywa kwa vyeo, nahodha akipata fungu nono na baharia wa chini akipata chake kidogo.

Wewe fikiri kidogo kama karani. Tani zinapimwaje? Kwa kamba na kijiti, urefu, upana na kina. Nani anapima? Ofisa wa manowari iliyokamata. Na jahazi lenyewe liko wapi, hakimu akitaka kulipima upya? Limechomwa. Makapteni walikuwa wakisema chombo kibovu hakiwezi kuvutwa mpaka bandarini, wakakitia moto huko huko baharini, kisha wakaja Unguja au Aden na cheti cha vipimo walichojiandikia wenyewe. Pengine ni kweli majahazi mengi yalikuwa mabovu. Lakini malalamiko yalizidi kwamba vyombo vya biashara halali, vya watu waliobeba tende, chumvi na boriti, vinateketea kwa makosa, na mnamo mwaka 1869 makapteni waliagizwa kwa maandishi wawe waangalifu na walete vyombo mahakamani kila inapowezekana.

Nahodha wa jahazi angejiteteaje? Mabaharia wengi wa majahazi walikuwa wenyewe watumwa, wakifanya kazi ya tanga na kamba na kugawana ujira na mabwana zao. Ndani ya chombo kimoja ungekuta baharia mtumwa, mtumishi wa abiria, na mtoto anayepelekwa kuuzwa, wote weusi, wote kimya mbele ya bunduki. Nani mzigo na nani mfanyakazi? Jibu lilitegemea mkalimani, na kwa mkalimani neno moja la Kiswahili lingeweza kuwa na bei ya jahazi zima.

Wenye majahazi nao walijifunza haraka kwamba vita hii ni ya karatasi. Waarabu wa Sur, kule Omani, walianza kuchukua vyeti na bendera ya Ufaransa, kwa sababu Ufaransa haikuruhusu manowari za Kiingereza kupekua vyombo vyake. Bendera ikipanda, Mwingereza anabaki ameshika darubini. Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari London alilisogelea jahazi moja lililopandisha bendera ya Ufaransa, nia yake ikiwa kuangalia karatasi tu. Jahazi lilikuwa na watumwa. Watu wa nahodha Hindi bin Khatim wakafyatua bunduki, na Brownrigg akauawa.

Ugomvi wa karatasi hizo ulifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague. Tarehe 8 Agosti 1905 wasuluhishi waliamua kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Muskati, isipokuwa wale walioweza kuthibitisha kwamba Ufaransa iliwahesabu na kuwatendea kama watu walio chini ya ulinzi wake tangu kabla ya mwaka 1863. Mataifa mawili makubwa yalibishana kuhusu majahazi ya Bahari ya Hindi, mbele ya wasuluhishi waliotoka Marekani, Uholanzi na Austria, na hoja ilikuwa nani ana haki ya kumpa nani cheti. Watu waliowahi kulala chini ya sitaha za majahazi hayo hawakuwa na upande kwenye shauri hilo.

*

Utaniuliza, haya ya Unguja yanatuhusu nini sisi wa Makambako?

Toka hapa nenda Njombe, teremka Ludewa, vuka milima ya Livingstone, utaliona Ziwa Nyasa limelala chini yako kama shuka la bluu. Karne ya kumi na tisa misafara ilitoka pande za ziwa hilo kwenda Kilwa. Pwani watu wake waliitwa Wanyasa, jina moja la jumla, kana kwamba ziwa zima lilikuwa kijiji kimoja. Kilwa ndiko walikopakiwa. Wengi walifika Unguja wakauzwa. Wengine walikutana na manowari, na hao ndio wanaohesabiwa kwenye fomu zile: wanaume idadi hii, wanawake idadi hii.

Ipo picha iliyopigwa ndani ya manowari Daphne mwezi Novemba 1868. Watu wamekaa sitahani, wamekonda mpaka mifupa inahesabika, wengi ni watoto. Kapteni wa Daphne, George Sulivan, alikuja kuandika kitabu kizima kuhusu kuwinda majahazi. Jina la Sulivan tunalijua, na jina la manowari tunalijua. Nyuso za wale watoto tunaziona wazi kabisa, ila hatujui tuwaite nani.

Baada ya hukumu walipelekwa Bombay, Aden, Ushelisheli, Mauritius, na kuanzia mwaka 1875 wengine Freretown, Mombasa. Wengine walibaki na wamisionari wa Unguja, na mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi la walioachwa huru, nia ikiwa kuwarudisha pande za Ziwa Nyasa. Walifika Masasi wakaishia hapo. Nikiangalia ramani huwa najiuliza nani kati yao alikuwa amebakiza siku chache tu kufika kwao.

Hata utumwa ulipofutwa rasmi, fomu ilikuwepo. Amri ya Unguja ya mwaka 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na fidia alilipwa bwana. Tanganyika ilingoja mpaka mwaka 1922.

*

Msomaji anaweza kusema hayo yalikuwa ya wakoloni na masultani, yamekwisha. Natamani ingekuwa hivyo.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Nchi nzima ililia. Ilipofika kuhesabu, orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Mamia ya watu walikufa siku ile na wengi wamelazwa makaburi ya Igoma, lakini idadi kamili inabishaniwa mpaka leo, kwa sababu mtu aliyekata tiketi ya bei ya chini hakuandikwa popote. Ada ndogo, nafasi ndogo kwenye karatasi. Familia iliyotaka kudai ilibidi kwanza ithibitishe kwamba mtu wao alipanda. Utathibitishaje? Kwa nguo aliyovaa? Kwa kusema alituaga asubuhi?

Niliposoma habari hiyo nilirudi kwenye lile jahazi la "jina halijulikani," nikaona umbali kati yake na MV Bukoba ni mfupi kuliko nilivyofikiri.

Siku hizi Ziwa Nyasa nalo lina meli ya mizigo iitwayo MV Njombe, ya tani 1,000, iliyojengwa Itungi pamoja na mwenzake MV Ruvuma. Mkoa wetu usio na bahari umepata jina juu ya ubavu wa meli. Nimefurahi, nisifiche. Meli ina jina, ina cheti, ina vipimo vya tani, na siku ikidaiwa ipo mahakama ya kuisikiliza. Nawafikiria watakaopanda vyombo vya ziwa lile usiku, na gunia la dagaa na mtoto mgongoni, kwa nauli ya mwisho mfukoni.

Kontena la baba mdogo lilifika. Miezi ilikuwa imepita, vipuri viwili vitatu vimeota kutu, na tozo za kukaa bandarini zilikula faida yote. Siku ya kufungua kontena alipiga magoti akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika jina lake kwenye kila boksi, herufi kubwa, upande wa juu na upande wa chini. Nikamwambia, "Baba mdogo, sasa yameshafika, ya nini tena?"

"Wewe andika," akanijibu. Akanipa kalamu nyingine.